Foronya za mito ya kochi bila kushona: pima kabla ya kushika mkasi

Foronya isiyoshonwa haina uzi wa kuishika. Inashikwa na mkazo wa kitambaa na mikunjo iliyolaliana, kwa hiyo vipimo vyake si vya kukisia. Kitambaa kikipungua, fundo halifiki. Kikizidi, nyuma panajaa bonge na mto haukai sawa kwenye kochi. Hesabu za hapa ni za mto wa kawaida wa sebuleni, sentimita 45 kwa 45 (inchi 18), wenye unene wa sentimita 12 hivi katikati.

Kwa kazi hii sijaona kitambaa kinachoishinda khanga, na wala huikati. Moja ina takriban sentimita 150 kwa 110. Kwanza ifue utoe dondo, maana khanga mpya ni ngumu, inateleza, na fundo lake hufunguka lenyewe. Loweka, fua kwa sabuni, suuza mpaka maji yatoke meupe. Chumvi ambayo watu hutia ili khanga isichuje haisaidii kitu kwenye kitambaa kilichokwisha kutiwa rangi. Kinachosaidia ni kusuuza tu. Ikikauka, piga pasi.

Itandaze uso ukiangalia chini, upande mrefu ukiwa mbele yako. Weka mto katikati. Juu na chini zinabaki sentimita 32 na kitu kila upande. Kulia na kushoto, 52 na kitu. Kunja upande wa chini juu ya mto, kisha wa juu, ulalie ule wa kwanza. Sasa una mikono miwili, kulia na kushoto. Ingiza pembe za kila mkono ndani kama unavyofunga zawadi, uvute, mikono ikutane katikati. Ukiondoa unene wa mto, kila mkono unabakiwa na sentimita 25 hivi za kufungia, na hizo zinatosha. Pitisha wa kulia juu ya wa kushoto, kisha wa kushoto juu ya wa kulia. Ukirudia upande uleule mara mbili, fundo linaonekana limekaza lakini baada ya siku mbili za kukaliwa limelegea. Ncha zilizobaki zichomeke chini ya fundo, kwa sababu ndizo zilizokatwa dukani na ndizo zinazofumuka nyuzi. Ukipenda fundo lionekane, ligeuze mbele na ulichanue kama ua.

Jina la khanga je? Mto ukiwa katikati kabisa, mbele utaona mji, yaani sehemu ya katikati ya khanga, peke yake, na jina litaangukia nyuma, kwa kuwa liko karibu na pindo la chini. Ukitaka lisomeke mbele, sogeza mto kuelekea upande wa jina kama sentimita 15. Mkunjo wa chini utakuwa mfupi, sentimita 17 hivi, lakini wa juu utaufunika. Soma jina kabla ya kulikabidhi kochi la wageni. Mengine ni ya kumsema jirani.

Kitenge nacho nakikunja kama bahasha. Upana wake wa kiwandani, sentimita 110 na zaidi kidogo, unatosha mbele na nyuma pamoja na sentimita 20 za kulaliana, na kingo zake mbili za kiwandani hazifumuki, hivyo mdomo wa bahasha hauhitaji kupindwa. Kata kipande cha sentimita 50 kwa upana wote. Kitandaze uso juu, kunja ncha zote mbili kuelekea katikati mpaka upate sentimita 45, kisha ziba pande mbili zilizo wazi kwa utepe wa gundi wa kupiga pasi, ule unaotumika kupindia suruali, ukiacha sentimita 2 kila upande.

Wengi huharibu hapo penye tabaka tatu, ncha mbili zinapolaliana. Utepe mmoja unashika tabaka mbili tu. Ya tatu inabaki wazi na foronya inapasukia hapohapo mto unapoingizwa. Weka utepe kati ya tabaka ya kwanza na ya pili, na mwingine kati ya ya pili na ya tatu. Kila upande unakula sentimita 65, foronya nzima sentimita 130. Bonyeza pasi, usiiburute, juu ya kitambaa chenye unyevu, kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti. Kwa pasi ya mkaa, futa majivu chini na ujaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni. Acha ipoe kabisa ndipo uigeuze. Fundi anayeshona huifanya foronya iwe ndogo kidogo kuliko mto ili mto ujae. Ukitumia gundi usimwige, mkazo utaibandua.

Shuka la zamani lina siri yake. Lishike dirishani: katikati, mwili unapolala, mwanga unapenya, pembeni bado ni zima. Tumia pembeni. Kama ni pamba, kata sentimita 2 kwa mkasi kisha lipasue kwa mkono, litafuata uzi na kunyooka kuliko mkasi wowote. Kitenge usikipasue hivyo, maua yake mara nyingi hayafuati uzi.

Foronya ya kitandani ni kubwa kwa mto huu: igeuze ndani nje, funga kila pembe ya chini kwa uzi, irudishe, ingiza mto, kunja mdomo nyuma. Satini funga kwa mpira wa nywele badala ya fundo. Taulo liache, ni nene mno.

Mto wa sufi uwe na foronya ya ndani iliyoshonwa, la sivyo nyuzi zake zitapenya kwenye mikunjo na kutapakaa sebuleni. Na pini za kubania zinaacha kutu kwenye kitambaa, hasa Pwani penye unyevu. Kwenye nyumba yenye mtoto anayetambaa usizitumie kabisa. Foronya ya fundo unaifungua na kuifua kama khanga nyingine yoyote. Ya gundi ifue kwa maji baridi, usiikamue kwa kuisokota, na isitiwe dawa ya kulainisha nguo kabla ya kubandikwa, kwani gundi haishiki juu yake.