Mabilioni ya shule New Mexico hayajakaliwa

Ile meseji inayozunguka kwenye magrupu ya ndugu zetu walioko Marekani, eti jimbo la New Mexico limekalia mabilioni ya dola za shule na likitaka linaajiri walimu kesho asubuhi, ni nusu ukweli. Pesa zipo kweli, kwenye mfuko wa kudumu wa jimbo (Land Grant Permanent Fund), ila mtaji wenyewe haushikwi, kinachotoka kila mwaka ni 5% ya wastani wa thamani yake ya miaka 5, na hata ile nyongeza ya 1.25% ya chekechea na shule ilibidi wananchi waipigie kura 2022. Watu wanaona jumla wanadhani ni keshi, na mwalimu halipwi mara moja yakaisha. Fungua katiba ya jimbo, ibara ya 12, kifungu cha 7, usome mwenyewe. Ikikufikia tena usiifowadi jamani.