Kutoka lori la msaada hadi meza ya bajeti

Kijana mmoja niliyegawa naye chakula cha msaada Wajir, kaskazini mwa Kenya, alinipigia simu juzi. Anataka kuwania ubunge 2027. "Mkubwa, watu wananijua. Nimewapelekea maji." Nikamwambia kabla hajachapisha mabango amsome Mohamed Elmi.

Elmi alifanya kazi na shirika la Oxfam kaskazini mwa Kenya, na ni mmoja wa waliohangaikia amani ya Wajir koo zilipopigana miaka ya 1990. Katika uchaguzi wa 2007 alipata kiti cha Wajir Mashariki, na mwaka uliofuata serikali ya mseto ikampa wizara mpya kabisa, ya maendeleo ya kaskazini na maeneo mengine kame.

Ukitaka kujua kwa nini wizara hiyo ilikuwa jambo kubwa, rudi 1965. Waraka wa Bunge nambari 10 wa mwaka huo ulielekeza pesa za maendeleo kwenye ardhi nzuri, mvua ya kutosha, barabara na umeme, kwa hoja kwamba huko zitazaa haraka. Kaskazini haikuwa na hata kimoja, ikaachiwa malori ya msaada. Yaani sisi wa mashirika ya misaada.

Kuna siku nilifika na lori la mahindi mizoga ya mbuzi imeshakauka kandokando ya kisima. Ombi lilikuwa limetumwa miezi minne nyuma. Mzee mmoja akatia mkono kwenye gunia, akayaacha mahindi yachuruzike vidoleni, akaniuliza: "Ungeleta hela mbuzi wangu wakiwa hai, ningekuomba mahindi?"

Swali lake lina jibu la kibajeti. Mbuzi hununuliwa kabla hajakonda, na bauza la maji hukodishwa kabla kisima hakijakauka. Hayo yanahitaji pesa zilizokwisha kutengwa na mtu mwenye mamlaka ya kuzitoa. Ufuatiliaji wa ukame ulikuwepo, lakini tangu 1996 ulikuwa ndani ya mradi uliotegemea Benki ya Dunia, na mradi huo ulifungwa 2010. Sisi wa mashirika tunaijua hali hiyo vizuri: ufadhili ukiisha, gari linarudishwa Nairobi na ofisi inageuka duka la simu.

Mwaka 2011, Elmi akiwa waziri, ikaundwa Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA. Taarifa zake za kila mwezi hupima hali ya malisho, maziwa, bei ya mbuzi, mwendo wa kwenda majini, hata mzingo wa mkono wa mtoto unaoonyesha utapiamlo, kisha hutaja kaunti imefika hatua gani: kawaida, tahadhari, hatari, dharura au ahueni. Mimi hutazama bei ya mbuzi kwanza. Ikiporomoka huku ya mahindi ikipanda, huhitaji setilaiti kukuambia ukame umefika. Mwaka 2012 ikapitishwa sera ya maeneo kame, na 2016 NDMA ikapata sheria yake.

Chini ya wizara ya Elmi pia ulianza mpango wa kuzipa kaya maskini fedha taslimu, HSNP, kwa ufadhili wa Uingereza, katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Kaya ilianza na shilingi 2,150 kila miezi miwili. Mama alienda dukani na kadi, akaweka kidole kwenye mashine, akahesabiwa pesa. Hakuna foleni juani, wala mimi na daftari langu.

Sisemi ukame umekwisha. Misimu 5 ya mvua ilikosekana mfululizo kuanzia mwisho wa 2020 na mifugo ikafa kwa mamilioni. Wizara yenyewe ilifutwa 2013. Lakini NDMA bado ipo, na waziri aliyekuwapo ilipoundwa hayumo hata Bungeni.

Nikamuuliza kijana: ukishinda, utagusa fungu gani la bajeti? Kimya. Kisha: "Mkubwa, kwanza nisaidie na mabango."