Kabla ushangilie manifesto ya jiji, uliza kazi ni ya nani

Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027 na tayari watu wanazunguka mitaa ya Nairobi na ahadi za kubadilisha jiji. Ofisini maswali yameongezeka, mengi yakiwa malalamishi kwamba fulani aliahidi hiki na hajafanya. Mimi kazi yangu ni elimu ya bajeti za kaunti, na sitataja chama wala mgombea yeyote hapa, hiyo sio kazi yetu. Nitaeleza tu vile ahadi ya jiji inageuka kuwa taa barabarani, ama inakwama wapi.

Kuna hili swali linakuja karibu kila wiki: faini ya kuvunja ahadi ya kampeni ni pesa ngapi? Hakuna. Hakuna sheria Kenya ya kumfunga gavana kwa sababu manifesto haikutimia. Tumesema hili mara nyingi sana jamani. Kenye kiko na adhabu ni hongo, na hapo sheria haina mzaha. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016, kifungu cha 9, inasema ukipatikana na hatia ya hongo ya kura utalipa faini isiyozidi shilingi milioni 2 au ufungwe miaka isiyozidi 6, au vyote viwili, na usidhani ni mwenye kutoa peke yake, anayepokea pia ako ndani. Ile mia mbili ya "chai" baada ya mkutano, pakiti ya unga, leso, usafiri wa kwenda kupiga kura kwa masharti, hizo zote unaweza kuitwa uzieleze kortini. Sisi hatushtaki mtu, tunakueleza tu.

Turudi kwa manifesto. Fungua Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, sehemu ya pili, ndio utaona kazi za kaunti: kuzoa takataka na majalala, barabara za kaunti, taa za barabarani, parking, masoko na leseni za biashara, maji na maji taka, mitaro ya maji ya mvua, zimamoto, mipango ya jiji, chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji, hospitali za kaunti, ambulensi. Kwa hivyo mtu akikuambia atarekebisha hospitali za Mama Lucy, Mbagathi ama Pumwani, hiyo ni kazi yake halali. Akikuahidi kupanua Kenyatta National, muulize atatumia mamlaka gani kwa sababu hiyo ni hospitali ya rufaa ya kitaifa. Thika Road ni ya KeNHA, mamlaka ya kitaifa ya barabara kuu. Barabara nyingi kubwa za ndani ya jiji ziko chini ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini, ambayo pia ni ya serikali ya kitaifa, na hata zile pesa za kukarabati barabara, bilioni 10.5, magavana na wabunge wamezivutania mpaka mahakamani. Sasa mgombea akisimama juu ya gari akisema "nitaweka lami kila mahali" mwombe ataje barabara kwa majina. Wengi hawatataja.

Polisi wa trafiki sio wa gavana. Bei ya unga sio ya gavana. Walimu wa shule ya msingi wameajiriwa na TSC, tume ya kitaifa ya walimu. Na bado mtu mzima anaandika ati gavana amekataa kuongeza polisi Kayole! Gavana anaweza kuleta taa za mulika mwizi, na taa inasaidia usalama kweli, lakini askari wenye bunduki hapangi yeye. Kanjo, askari wa kaunti, ndio wake.

Si ati kaunti haiwezi kabisa kugusa kazi ya upande wa pili. Katiba, ibara ya 187, inaruhusu serikali moja kuhamishia nyingine kazi kwa makubaliano, na hapa Nairobi tuliona Februari 2020 afya, uchukuzi, ujenzi na huduma za umma pamoja na mipango vikipelekwa kwa serikali ya kitaifa, ikazaliwa NMS, ofisi ya kitaifa ya kuendesha kazi hizo jijini. Lakini lazima kuwe na makubaliano ya maandishi. Basari ni mfano mzuri: Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alitoa waraka kusimamisha basari za kaunti bila makubaliano hayo, kwa sababu elimu ya sekondari na chuo kikuu ni ya kitaifa, magavana wakapinga na mambo yakaishia kortini. Mgombea wa jiji akiahidi basari muulize hayo makubaliano yako wapi. Swali fupi tu.

Halafu kuna MCA, mwakilishi wa wadi kwa bunge la kaunti. Nairobi ina wadi 85 na kila wadi inadhani MCA ndiye kontrakta. MCA anatunga sheria za kaunti, anapitisha bajeti, anachunguza gavana, anawakilisha wadi. Hajengi mtaro. Akisema "nilijenga" anamaanisha alipigania mgao ukaingia kwa bajeti, na hiyo ni kazi nzuri, mpongeze kwa hiyo.

Pesa sasa, na hapa ndio watu huchoka kusoma lakini vumilieni. Kaunti haitozi ushuru wa mapato wala VAT. Iko na kodi za ardhi, ushuru wa burudani na ada za huduma kama parking na leseni, halafu mgao kutoka Hazina ya Kitaifa. Mwaka wa fedha wa 2025/26 kaunti zote 47 zilitengewa jumla ya bilioni 415. Kukopa, ibara ya 212, ni mpaka serikali ya kitaifa itoe dhamana na bunge la kaunti liidhinishe. Kwa bajeti yenyewe, angalau asilimia 30 iende kwa maendeleo, na Nairobi bado ina madeni ambayo haijalipa ya makumi ya mabilioni. Chama kinachoahidi kupunguza ada zote na papo hapo kuongeza huduma zote hakijakaa chini na kalkuleta.

Na hii ya "siku 100 za kwanza" inanichekesha kila uchaguzi. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi. Uchaguzi ni Agosti. Maana yake gavana mpya anaingia akipata bajeti ya 2027/28 imeshapitishwa na waliotoka, ya kutumika mpaka Juni 2028. Anaweza kuleta bajeti ya nyongeza, ndio, lakini sheria ya usimamizi wa fedha za umma imeweka kikomo cha asilimia 10. Kwa hivyo mwaka wake wa kwanza kwa kiasi kikubwa anatumia mpango wa mwingine.

Mahali ahadi inaishi au kufa ni kwa CIDP, ule mpango wa kaunti wa miaka mitano. Wa sasa ni wa 2023 hadi 2027, kwa hivyo watakaoshinda wataandika mpya, na Sheria ya Serikali za Kaunti, kifungu cha 104, inakataza pesa za umma kutengwa nje ya mipango. Taa za mtaa wako zikikosa CIDP zimekosa. Baada ya hapo kila mwaka kuna mpango wa maendeleo kufikia Septemba mosi, taarifa ya sera ya fedha kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na katikati vikao vya maoni ya wananchi. Nimekaa kwa kikao kimoja kama hicho ambapo maafisa walikuwa wengi kuliko wakaazi, na wakaazi waliokuja nusu walikuwa wanauliza kuhusu basari. Mkutano wa kampeni barabara hiyo hiyo ulikuwa umefunga trafiki.

Ukitaka kujua ahadi ya 2022 iliishia wapi, huna haja ya kumsubiri mtu jukwaani. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti hutoka kila robo mwaka zikionyesha kila kaunti ilitumia nini. Ukikosa unachotafuta, andikia kaunti ombi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016: taja wadi, mradi na mwaka wa fedha, acha namba yako ya simu, baki na nakala iliyopigwa muhuri, hesabu siku 21. Hulipi kuomba, labda gharama ya kutoa kopi. Na mnaoniuliza kama lazima iwe Kiingereza, sheria yenyewe imetaja Kiswahili.