Kabla Hujanunua Mashine ya Sukari, Uliza Stripu Zake

Mama mmoja wa Mabawa, hapa Tanga, aliingia dukani kwangu asubuhi na mashine ya kupimia sukari kwenye kimkoba cheusi, zipu yake ingali inang'aa. Mwanawe alimtumia kutoka Marekani, wiki tatu baada ya kliniki kumwambia ana kisukari aina ya pili. Akaiweka juu ya kaunta, akasema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, kliniki waliniandikia saba nukta kitu. Hii leo inasema mia na arobaini. Nitaiona jioni kweli?"

Nilimkalisha kwanza, nikampa maji. Mashine haikuwa mbovu, na sukari yake haikuwa imepaa. Wamarekani huisoma sukari kwa miligramu katika desilita ya damu. Kliniki zetu nyingi huandika kwa milimoli katika lita. Gawanya namba yao kwa 18, unapata ya kwetu: 140 ni kama 7.8. Akashusha pumzi. Mimi kilichonitia huzuni ni kile kikopo cha stripu, vile vijikanda vya kuwekea tone la damu, kilichobaki na stripu tisa tu. Sikuwa nazo za aina ile. Niliwapigia wenzangu wawili hapa Ngamiani na mmoja Chumbageni, nao hawakuwa nazo. Mtoto alikuwa ametoa fedha yake kwa mapenzi, na baada ya siku tisa mashine ingebaki pambo la kabati.

Mimi ni mfamasia, na swali la "ninunue mashine ipi?" naulizwa kila wiki na watu waliotoka kupewa majibu, karatasi ya kliniki bado mkononi. Jibu langu ni moja: mashine ni kibatari, stripu ndiyo mafuta. Utanunua mashine mara moja, stripu utanunua miaka yote. Nayo karibu kila mashine hula stripu za aina yake tu. Za jirani haziingii, na zikiingia usiziamini.

Kwa hiyo ukifika dukani usianze na bei ya mashine. Uliza bei ya kopo la stripu 50, kisha uliza kama lilikuwepo mwezi uliopita na kama duka jingine mjini linaliuza. Daktari wako atakwambia upime mara ngapi. Anayetumia dawa ya metformini peke yake na sukari imetulia huenda asihitaji kupima kila siku. Anayejichoma insulini, au anayemeza glibenklamidi, ambayo inaweza kuishusha sukari kupita kiasi, mahitaji yake ni mengine. Ukiambiwa mara mbili kwa siku, kopo la 50 litakutosha siku 25. Piga hesabu hiyo kabla hujafungua pochi. Nimeona mashine ya bei ya chini ikiwa na stripu ghali kuliko mashine yenyewe. Na kama una bima, uliza mapema inalipia nini, usikisie.

Sababu ya mimi kuzing'ang'ania stripu ni kwamba upimaji wenyewe hufanyika humo. Kwenye ncha ya stripu kumepakwa kimeng'enya, yaani kichocheo cha kikemikali. Tone la damu likigusa, kimeng'enya hukutana na glukosi, ndiyo sukari ya damu, na hapo hutokea mkondo mdogo sana wa umeme. Mashine inaupima mkondo huo na kuugeuza namba. Kimeng'enya kikiharibika, mashine nzuri kuliko zote itakusomea uongo bila kusita.

Na kinachokiharibu kiko tele hapa Tanga: joto na unyevu. Chumvi inayoloa mezani wakati wa masika ikupe picha. Stripu nyingi huelekezwa zikae chini ya nyuzi 30. Kopo lake limetengenezwa lizuie unyevu, ndiyo maana usizihamishie kwenye kichupa kingine, na ukitoa moja funika hapo hapo. Usiweke dirishani, wala jikoni karibu na jiko, wala ndani ya gari lililoegeshwa juani. Jokofu nalo silo, maana ukizitoa kwenye baridi hutoa jasho. Kabati la chumbani, mahali penye kivuli, panatosha. Andika kwenye kopo tarehe uliyolifungua, kwa sababu aina nyingi huisha nguvu miezi michache baada ya kufunguliwa, hata kama tarehe iliyochapwa iko mbali. Anayepima mara mbili tu kwa wiki namshauri atafute stripu zilizofungwa moja moja, zikipatikana.

Baada ya stripu, niangalie nini kwenye mashine? Namba kubwa, hasa kwa mzee ambaye macho yameanza kupungua. Kipimo cha milimoli, kama ndicho kliniki yako inachotumia. Betri inayopatikana mtaani. Mashine isiyodai kuingiziwa namba ya kopo (code) kila ukifungua kopo jipya. Mashine inayotuma namba kwenye simu kwa bluututhi ni nzuri ukipenda, lakini daftari la shule linafanya kazi hiyo hiyo.

Mwambie pia mfamasia kama una upungufu wa damu au selimundu. Chembe nyekundu zikiwa chache, mashine nyingi husoma juu kuliko ukweli, na karatasi iliyomo boksini huonyesha mipaka yake.

Halafu vidole. Muuza machungwa mmoja alipima mbele yangu ikaja 16.8, akakunja uso. Vidole vyake vilikuwa vinanukia machungwa ya Muheza aliyokuwa akimenya tangu alfajiri. Nikampeleka bombani, akanawa kwa sabuni, akakausha vizuri, tukachoma kidole kingine: 7.4. Kufuta kwa spiriti peke yake hakutoshi kuondoa sukari ya tunda. Choma ubavuni mwa kidole, si katikati ya ncha, na sindano ya kuchomea usimwazime mtu, hata mumeo.

Usishtuke namba mbili za mfululizo zikipishana kidogo. Kiwango cha kimataifa cha mashine hizi cha mwaka 2013, ISO 15197, kinataka vipimo 95 katika 100 viwe ndani ya asilimia 15 ya jibu la maabara, sukari ikiwa 5.55 au zaidi. Sukari halisi ya 8.0 inaweza kusomeka 6.8 au 9.2, na mashine bado ni halali. Siku ya kliniki nenda nayo, upime wakati ule ule wanapokutoa damu ya maabara kabla hujala, ulinganishe. Ila ikisoma chini ya 3.9, au unatetemeka na kutoka jasho jembamba, usisubiri kulinganisha: kunywa kitu chenye sukari, kisha pima tena baada ya dakika 15.

Yule mama alinunua mashine nyingine, ya kawaida tu, ambayo stripu zake zipo hapa kwetu. Mwezi uliofuata alirudi na daftari. Asubuhi moja alikuwa 7.2 kabla ya mbaazi na mahamri matatu, na 12.9 saa mbili baadaye. Juma lililofuata alikula hamri moja, mbaazi zile zile, akaandika 9.4. Akaniuliza kama kesho ajaribu muhogo.