Shida za utotoni na tansio ya ukubwani: maswali ya wazazi wa Goma

Mama mmoja muuza makala (makaa) wa upande wa Birere alikuja kupima tansio, yaani presha ya damu. Ana miaka 34, si mnene, pombe haonji. Mashine ikaonyesha 16 kwa 10, yaani 160 kwa 100. Nilirudia baada ya dakika tano, ikatoka ile ile. Akaniuliza: "Muganga, tansio nimeitoa wapi na mimi bado kijana?" Tuliongea chumvi, tukaongea ukoo, kisha nikamuuliza swali ambalo shuleni hatukufundishwa: utoto wako ulikuwaje? Vita vya 1996 vilimkuta na miaka mitano. Lava ya volkano ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji, Januari 2002, alikuwa na kumi na moja, na nyumba yao ilikwenda nayo.

Siwezi kuapa kwamba tansio yake ilitoka huko. Hakuna kipimo cha damu kinachosema hivyo kwa mtu mmoja. Lakini tangu siku hiyo tumekuwa tukilizungumza jambo hili na wazazi wanaosubiri zamu kwenye benchi, na maswali yao nimeyaacha karibu na yalivyoulizwa.

Mutoto hakumbuke kitu. Namna gani mambo ya zamani itamugonjesha roho (moyo)?

Kichwa husahau, mwili una kumbukumbu yake. Risasi ikilia, mwili wa mtoto humwaga adrenalini: moyo unakimbia, presha ya damu inapanda. Nyuma yake inafuata homoni nyingine, kortisoli, inayoongeza sukari kwenye damu ili misuli ipate nguvu ya kukimbia. Hapo hakuna ubaya, ndivyo tulivyoumbwa. Hatari ikipita, vyote hushuka.

Shida ni pale hatari isipopita: makombora wiki hii, kuhama wiki ijayo, njaa, au baba anayepiga kila akirudi. Mwili unakuwa kama mbabula (jiko la makaa) iliyoachwa na moto usiku kucha bila sufuria juu. Mfumo wa kushtuka hujizoeza kukaa macho. Miaka ikienda, kuta za mishipa hukakamaa, mafuta hukusanyika tumboni, na insulini, ile homoni inayoingiza sukari ndani ya chembe za mwili, haisikilizwi tena vizuri. Huko New Zealand kuna watu waliofuatiliwa tangu walipozaliwa mwaka 1972 na 1973. Wale walioteswa katika miaka yao kumi ya kwanza, walipofika miaka 32, damu yao ilikuwa na dalili nyingi zaidi za mwako wa ndani, ule unaoharibu mishipa polepole.

Kuna na njia ya pili, isiyo ya siri: aliyekua na maumivu hutafuta kitu cha kuyatuliza. Sigara, chupa, sukari. Hizo nazo zinaua moyo.

Hiyo si mambo ya Wazungu?

Utafiti uliofungua macho ni wa Marekani, kweli. Mwaka 1985 huko San Diego daktari Vincent Felitti alikuwa na kliniki ya kupunguza unene, akashangaa kuona watu wanaoacha matibabu ni wale wale waliokuwa wanapungua vizuri. Alipowauliza, wengi walikuwa wamenajisiwa utotoni. Baadaye yeye na mwenzake Robert Anda waliuliza maelfu ya watu wazima kuhusu utoto wao. Matokeo ya 1998 yalionyesha kwamba waliopitia aina nne au zaidi za mateso walikuwa na ugonjwa wa moyo karibu mara mbili ya wale ambao hawakupitia hata moja. Wengi wao walikuwa watu wa kazi nzuri na bima, si wakimbizi.

Lakini mimi utafiti ninaoupenda kuwasimulia watu wa Goma ni wa Finland. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, watoto wapatao 70,000 walipelekwa Sweden na Denmark, mbali na mabomu, bila wazazi. Walilala salama, walikula. Miaka 60 baadaye, watafiti wa Helsinki waliwalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani na wazazi wao katika nchi yenye vita. Waliotenganishwa ndio waliokuwa na magonjwa ya moyo na kisukari zaidi. Nikisoma hapo huwa nasimama. Si kusema tusiwakimbize watoto! Risasi haina mjadala. Ila ukikimbia, kimbia naye.

Basi ni makosa yetu, bazazi?

Hapana. Nani alichagua vita?

Mutoto wangu iko na miaka tatu, anashituka usiku tangu tulikimbia. Nimufanyie nini?

Kitu kinachoshusha kortisoli ya mtoto ni mtu mzima mmoja anayemzoea, asiyebadilika-badilika. Huko Romania watoto 136 wa vituo vya yatima walifuatiliwa: nusu walipelekwa kwenye familia za malezi, nusu wakabaki. Waliopata familia kabla ya kufika kama miaka miwili, namna mwili wao unavyopokea mshtuko ilikaribia ile ya watoto wa kawaida. Kwa waliochelewa badiliko lilikuwa dogo. Wa miaka mitatu bado ananufaika na mkono wako, usivunjike moyo.

Kwa hiyo: alale pembeni ya mtu yule yule kila siku, awe mama, awe koko (bibi), hata kama ni chini ya shiti (turubai). Wimbo mmoja wa usiku, ule ule. Akishtuka, mshike kwanza mgongoni, pumua polepole mpaka naye afuate, maneno baadaye. Mchana aachwe acheze. Na fimbo iwekwe chini. Mtoto ambaye mwili wake tayari umejaa hofu haongezewi nyingine nyumbani.

Akiacha kula au kusema, au akikojoa tena kitandani baada ya kuwa ameacha, na hali hiyo ikapita wiki kadhaa, mlete kituo cha afya.

Na mimi niliyekulia katika hayo?

Pima. Kama tansio inafika 14 kwa 9 (140 kwa 90) au zaidi siku mbili tofauti, usikubali kuambiwa "ni mawazo tu". Sukari ipimwe asubuhi kabla ya kula. 126 (mg/dL) au zaidi, na kipimo cha pili kikithibitisha, ni kisukari. Makayabo (samaki wa chumvi) iloweke usiku kucha na maji yake uyamwage. Sukre (soda) iwe ya sikukuu. Kidonge ukipewa, meza hata siku kichwa hakiumi. Yule muuza makala alikuwa anaacha kila akijisikia vizuri, na kila mara ilikuwa inapanda tena. Juzi tulimpata 13 kwa 8. Sasa anakuja na binti yake wa miaka minne, na binti hakubali kuondoka mpaka na yeye avalishwe kitambaa cha mashine.