"Bila kujali itikadi za vyama"? Mbona wanazijali sana

Nimeisikia tena redioni, katika habari ya kutoka Washington: wasaidizi wa wabunge wa Marekani wanapewa mafunzo kuhusu usalama wa kimataifa "bila kujali itikadi za vyama vyao". Mtangazaji aliitamka kwa ulaini wa mtu aliyeizoea, na kweli tumeizoea sote. Vyama viwili vikitajwa katika chumba kimoja, kibwagizo hicho hakikosi kufuata. Safari hii kilikuwa kinasema kinyume cha habari yenyewe.

Maana kwa haraka. Mbunge wa Marekani hawezi kusoma kila karatasi inayopita mezani kwake, kwa hiyo ana wasaidizi. Mjumbe wa Baraza la Wawakilishi anaruhusiwa kuajiri 18 wa kudumu na 4 wengine wa muda. Hao ndio wanaochambua miswada na kumwambia bosi kuna nini ndani yake kabla hajapiga kura. Wengi ni vijana, hawadumu sana kazini, na mmoja anaweza kubebeshwa ulinzi, mambo ya nje na uhamiaji kwa mpigo. Ndiyo maana huandaliwa mafunzo ya kuwaeleza mikataba ya silaha za nyuklia, vikwazo, mashambulizi ya mtandaoni na mengine ya namna hiyo, wa Republican na wa Democratic wakiwa darasa moja. Basi, dhana ni hiyo.

Kinachonikera ni hilo "bila kujali".

Neno itikadi tulilichukua kwa Waarabu, na shina lake ni la kufunga fundo, lile lile lililotupa akdi ya ndoa. Itikadi ni jambo ambalo mtu amelifunga moyoni. Sasa, kutojali itikadi ni kulipita fundo kana kwamba halipo. Waandaaji wa mafunzo haya hawalipiti. Wanalihesabu! Wamekuja wangapi wa chama hiki, wangapi wa kile. Mtoa mada akiwa wa upande huu, atafutwe mwenzake wa upande ule. Taasisi moja inayofanya kazi hiyo, Partnership for a Secure America, ilianzishwa mwaka 2005 na Lee Hamilton, aliyekuwa mbunge wa Democratic kutoka Indiana, pamoja na Warren Rudman, aliyekuwa seneta wa Republican kutoka New Hampshire. Ukiondoa vyama vya waasisi hao, hutaelewa kwa nini walihitajika wawili.

Wapo wanaostahili hilo "bila kujali", ila ni watu wengine kabisa. Ndani ya Maktaba ya Bunge la Marekani kuna kitengo cha utafiti, Congressional Research Service, kilichoanza mwaka 1914 kwa jina jingine. Msaidizi wa mbunge yeyote akiuliza swali kuhusu makombora, mtafiti anamjibu, na jibu halibadiliki kwa sababu ya chama cha muulizaji. Chama cha mtafiti mwenyewe hakimhusu mtu. Haambii Bunge lifanye nini. Anaweka hoja za kila upande na kuondoka. Huyo hana upande. Mafunzo yale yana pande mbili. Kati ya kutokuwa na upande na kuwa nazo mbili pana umbali mkubwa, ingawa kwa mbali vyote viwili huonekana kama utulivu.

Na wasiseme Kiswahili hakina namna ya kuyatenga mambo haya. Tangu mkutano wa Belgrade wa mwaka 1961 tumekuwa tukizungumzia Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote, jina refu kuliko treni, na ulimi haujatuuma. Kufungamana: fundo tena.

Mtu ataniambia nachambua nywele, kwani matokeo si yale yale? Hapana. Tazama mwaka 1991, Umoja wa Kisovieti ukisambaratika na vichwa vya nyuklia vimetapakaa katika jamhuri zake. Maseneta wawili, Sam Nunn wa Democratic na Richard Lugar wa Republican, walipeleka hoja kwamba Marekani itoe mamia ya mamilioni ya dola kusaidia kuzilinda na kuziteketeza silaha hizo. Kumpa fedha adui wa jana haikuwa rahisi kumeza, lakini Seneti ilipitisha kwa kura 86 dhidi ya 8. Kufikia 1996, Ukraine, Kazakhstan na Belarus zilikuwa zimekwisha kurudisha Urusi vichwa vyote vilivyokuwa katika ardhi zao.

Mtafiti wa maktaba angeweza kueleza vizuri kabisa vichwa hivyo viko wapi na vinalindwaje. Asichoweza ni kumshika mkono seneta wa Republican na kumwambia, mimi ni mwenzako, nami nitaipigia kura. Maneno ya namna hiyo ni ya mtu kama Lugar, na uzito wake unatokana na fundo lile lile ambalo redio inasema halikujaliwa. Nunn naye alikuwa na wa kwake wa kuwashawishi.

Kwa wasaidizi ni hivyo hivyo, kwa kiwango cha chini. Maarifa ya vikwazo wangeyapata hata kwa kusoma ripoti peke yao ofisini. Wanachokipata kwa kukaa meza moja ni namba ya simu ya mtu wa chama kingine anayeshughulikia jambo hilo hilo, na kujua mapema ni hoja ipi upande wa pili hautaikubali hata kwa dawa. Mabosi wao wakirushiana maneno mbele ya kamera, hawa wanajua nani wa kumpigia ili kifungu kiandikwe upya. Wanaondoka darasani na vyama vyao vile vile.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, sikugombezi. Ukiipata tena habari hiyo, sema tu "wasaidizi kutoka vyama vyote viwili". Ni fupi hata kusoma. "Bila kujali" mwachie yule mtafiti wa maktaba.