Je, wajua? Chandarua cha bure hutundikwa sawa na cha kununua

Mpe mtu chandarua bure, atakwenda kuvulia samaki. Muuzie, hata kwa shilingi hamsini, atakitundika, maana kimemtoka mfukoni. Kauli hii ilisemwa vijiweni na kwenye semina za wahisani vilevile, na kwa miaka mingi ndiyo iliyopanga bei ya vyandarua vyenye dawa Afrika Mashariki. Ina sauti ya busara. Ilipokuja kupimwa kwa wajawazito wa Kenya, haikusimama.

Tuitendee haki kwanza, maana walioisema hawakuwa wachoyo. Hoja yao ilikuwa na miguu mitatu. Bei huchuja: anayetoa pesa ni yule anayekihitaji kweli. Bei huuma: aliyelipa ataona hasara kukiacha kabatini. Na bure hulemaza: aliyezoea kupewa leo hatanunua kesho. Isitoshe, walikuwa na ushahidi wa kuuza. Kuanzia 1997, katika wilaya za Kilombero na Ulanga nchini Tanzania, vyandarua vilivyopewa jina la Zuia Mbu viliuzwa kwa bei nafuu, na watafiti wakakuta kwamba watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne waliovitumia waliokoka zaidi, kwa asilimia 27. Mwaka 2004 Tanzania ikaanzisha Hati Punguzo: mjamzito alipewa hati kliniki, akaipeleka dukani, akaongezea pesa kidogo. Kenya nako vyandarua vya kliniki viliuzwa kwa shilingi 50.

Lakini Kilombero ilijibu swali jingine. Ilionyesha kwamba chandarua kilichouzwa kinaokoa mtoto. Haikuonyesha kwamba kingetolewa bure kingedharauliwa, kwa sababu hakukuwa na kundi la kupewa bure la kulinganisha nalo. Nusu ya mjadala mzima ilikaa juu ya ulinganisho ambao haukuwa umefanywa.

Na kuufanya si rahisi kama kunavyoonekana. Chukua mechi ya Simba na Yanga, siku ya mvua kubwa. Mmoja alinunua tiketi, mwingine alipewa na bosi wake. Aliyenunua anakwenda kulowa, aliyepewa anabaki nyumbani. Haraka utasema: umeona, pesa imemtoa. Hapana, bado hujajua. Huenda amekwenda kwa sababu ni shabiki wa damu, na angekwenda hata kwa tiketi ya bure. Pesa ilimtambulisha tu, haikumsukuma. Ukitaka kutenganisha mambo haya mawili, itabidi ufanye kituko: subiri watu walipe getini, kisha uchague baadhi yao kwa bahati nasibu na kuwarudishia pesa yao. Sasa wote ni mashabiki waliokubali bei ileile, ila wengine wameumia mfukoni na wengine hawakuumia. Tofauti yoyote ya mahudhurio kati yao ni kazi ya maumivu ya pesa pekee.

Kituko hicho hasa ndicho walichofanya wanauchumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas magharibi mwa Kenya mwaka 2007. Walihusisha kliniki 20 za wajawazito. Katika 16 kati ya hizo bei ya chandarua ilipangwa kwa kura, kuanzia bure hadi shilingi 40. Nne zilizobaki zilikuwa za kulinganishia. Baadhi ya wanawake waliokwisha kukubali bei walipunguziwa ghafla kwa bahati nasibu. Wiki kadhaa baadaye watafiti wakabisha hodi majumbani bila taarifa, kuangalia kama chandarua kimening'inia juu ya kitanda au la.

Si vyote vilivyokuwa vimetundikwa. Ila vya bure havikuwa nyuma ya vya kununua, na waliorudishiwa pesa hawakuwa wazembe kuliko waliolipa. Kilichobadilika ni idadi ya waliobeba: bei ilipopanda kutoka bure hadi shilingi 40, kati ya kila wajawazito 100, walioondoka na chandarua walipungua kwa takriban 60. Wala waliolipa hawakuonekana kuwa wagonjwa zaidi. Kwa hiyo chujio lilichuja, ila halikuchuja wenye shida.

Na kwa malaria kuchuja kwenyewe kuna walakini. Dawa ya chandarua huua mbu, haimzuii tu. Kule Asembo, magharibi mwa Kenya, utafiti wa awali uligundua kwamba hata nyumba zisizo na chandarua zilinufaika zikiwa ndani ya mita 300 za zenye navyo. Jirani anayeshindwa kununua anakupunguzia wewe kinga.

Hapa inabidi kwenda polepole. Lusaka, Zambia, mbinu hiyohiyo ya kurudisha pesa ilitumika kwa dawa ya klorini ya kutibu maji ya kunywa. Maumivu ya pesa hayakuonekana huko pia, lakini kuchuja kulionekana: waliokubali bei kubwa ndio walioitia zaidi kwenye maji. Yaelekea ni kwa sababu dawa hiyo inafaa pia kusafishia nyumba, na anayeipata kwa bei rahisi huweza kuitumia huko. Chandarua hakina kazi nyingi za pembeni, ingawa ukienda vijiji vya wavuvi Ziwa Victoria utakikuta kimeanikiwa dagaa.

Pia tusiruke kalenda. Kenya iligawa vyandarua mamilioni bure pamoja na chanjo ya surua mwaka 2006. Katika maeneo yaliyofuatiliwa, watoto waliolala ndani ya chandarua chenye dawa walitoka asilimia 7 mwaka 2004 hadi 67 mwaka 2006, na pengo la maskini na wenye nacho likapungua sana. Shirika la Afya Duniani likapendekeza bure, au punguzo kubwa sana, Agosti 2007. Makala ya Cohen na Dupas ilichapishwa 2010. Haikuanzisha mabadiliko hayo; iliwanyima hoja waliotaka kuyarudisha nyuma.

Umebaki mguu wa tatu, wa kulemazwa. Dupas aliupima Busia, magharibi mwa Kenya, kwa kuzipa familia bei tofauti za chandarua cha kwanza, kuanzia bure hadi shilingi 250, kisha mwaka mmoja baadaye kuziuzia zote cha pili kwa shilingi 150. Waliopata cha kwanza bure au kwa bei ya chini sana walinunua cha pili zaidi ya wengine. Walikuwa wameshakilalia, wakajua kinafaa.